Kupendekeza, Kuteua na Kuchagua: Uhakiki wa Msamiati wa Madaraka katika Mpaka wa Busia na Tororo

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyobeba dhana za maneno mawili ya Kiingereza, "nominate" na "appoint". Muktadha wake ni mpaka wa Busia na Tororo, ikiwemo Buhehe upande wa Uganda, katika ukanda ambako Wasamia wanaishi pande zote mbili. Msikilizaji wa eneo hilo hupata habari za serikali mbili, na kitenzi kimoja, "teua", humfikia kikiwa na maana zinazopingana.

Nchini Kenya, Ibara ya 152 ya Katiba ya 2010 inatenganisha hatua mbili: Rais hutaja jina la waziri, kisha humpa wadhifa baada ya idhini ya Bunge la Taifa. Nchini Uganda, Ibara ya 113 ya Katiba ya 1995 inatumia "appoint" pekee, kwa idhini ya Bunge. Huko, "nominate" husikika zaidi wakati Tume ya Uchaguzi inapopokea na kukubali fomu za wagombea. Luganda hukiita kitendo hicho "okusunsula", yaani kuchambua. Vyombo vya habari vya Kiswahili huyaweka yote hayo chini ya "uteuzi".

Nomino "mteule" imeathirika zaidi. "Rais mteule" ni mtu aliyekwisha kuchaguliwa na wananchi, anayesubiri kuapishwa. "Waziri mteule" ni mtu ambaye Bunge bado linaweza kumkataa. "Mbunge mteule" anaweza kuwa mshindi wa kura au mmoja wa wabunge 12 wanaoingia kupitia orodha za vyama kwa mujibu wa Ibara ya 97. Neno moja linawataja aliyepigiwa kura, asiyepigiwa kura na ambaye hatima yake haijaamuliwa.

Udhaifu huu una gharama kwa raia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu idhini ya Bunge kwa uteuzi wa umma inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha, kwa kiapo cha maandishi, ushahidi wa kupinga kufaa kwa anayependekezwa kabla hajahojiwa. Habari ikisema "ameteuliwa", msomaji ana kila sababu ya kuamini kwamba shauri limekwisha. Ilhali mwezi Agosti 2024 Bunge la Taifa lilimkataa mmoja wa mawaziri waliopendekezwa. Kitenzi kilichotangulia utaratibu kinaweza kumnyima raia nafasi aliyopewa na sheria.

Jibu jepesi ni kutumia "pendekeza" kwa hatua ya kwanza na "teua" kwa ya mwisho. Jibu hilo linafaa kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Mkataba unataka apendekezwe na mkuu wa nchi ambayo zamu yake imefika, kisha ateuliwe na Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Hata hivyo, halitoshi kwa Jaji Mkuu wa Kenya. Ibara ya 166 inaipa Tume ya Utumishi wa Mahakama kazi ya kupendekeza, na Bunge kazi ya kuidhinisha, kabla ya Rais kuteua. Hapo "amependekezwa" pekee hakuonyeshi aliyependekeza wala aliyepelekewa jina.

Kwa hiyo, usanifishaji hauna budi kuhusisha kitenzi pamoja na wahusika wake: Tume "imempendekeza kwa Rais", Rais "amewasilisha jina lake Bungeni", Bunge "limemwidhinisha", Rais "amemteua", naye "ameapishwa". "Mteule" ibaki kwa aliyeshinda uchaguzi na hajaapishwa. Anayesubiri idhini aitwe "mpendekezwa", na mbunge wa orodha ya chama aitwe "mbunge maalumu", istilahi ambayo tayari inatumika Kenya.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuoanisha istilahi hizi. Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Nyaraka za serikali zitakapotafsiriwa kwa wingi, mkanganyiko wa sasa utaingia katika sheria zenyewe usiporekebishwa mapema.