Umemtolea maziwa, umemwekea nini?

"Mtoto asipewe maziwa ya ng'ombe, mayai, samaki wala karanga." Ushauri huu unatolewa kirahisi mno. Mtoto katoka vipele, mtu kasema ni aleji, basi orodha imeandikwa. Ugomvi wangu na orodha hiyo ni kwamba inataja cha kuondoa tu.

Hebu ipeleke Kalemela, mkoani Simiyu. Usukumani, protini ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu inatoka wapi? Maziwa, dagaa, karanga za kutwanga kwenye mboga, na yai likipatikana. Futa hivyo vinne, anabaki na ugali, viazi vitamu na mlenda. Uji wa muhogo unashibisha, ila protini yake ni kiduchu. Mtoto huyo anahitaji kama gramu 13 za protini kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa kinampa gramu 8 hivi, na kalsiamu juu yake. Na hii ndiyo nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa.

Usidhani ni umaskini tu. Mwaka 2001 madaktari wa ngozi Marekani waliripoti watoto 12 wenye kwashakoo. Nusu yao walikuwa wameondolewa maziwa kwa sababu wazazi walidhani yanawadhuru.

"Basi mpe ya mbuzi," utaambiwa. Hapana. Protini zake zinafanana mno na za maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo mwenye mzio wa kweli wa haya mara nyingi atadhurika na yale pia.

Mzio wa kweli upo, sikatai. Mtoto akivimba midomo au kubanwa pumzi muda mfupi baada ya kula kitu, akiache kabisa na awahishwe hospitali. Usimjaribu tena nyumbani. Lakini vipele peke yake havitoshi kufuta vyakula vinne kwa mkupuo. Asiye na dalili hizo za hatari, daktari humwondolea kile kimoja kinachoshukiwa, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, kisha hukirudisha na kuangalia. Hapo kwenye kurudisha ndipo watu wanapasahau, na mtoto anakaa mwaka mzima bila yai kwa vipele ambavyo pengine vilikuwa vya joto.

Kwa hiyo ukipewa orodha, usiondoke kabla hujauliza: tunaanza na kipi, kwa siku ngapi, na ale nini badala yake? Kama ni maziwa tu yaliyotolewa, dagaa waliosagwa na mifupa yao kwenye uji watampa protini na kalsiamu.