Haki ya Mashindano na Bei ya Vyombo

Mashindano ni mizani. Kama vile mnunuzi anavyodai mizani isiyo na hila, ndivyo mtazamaji anavyodai uwanja usio na upendeleo. Mshindi anapovikwa nishani, yatupasa kujiuliza: twausifu mwili na moyo wake, au twausifu mfuko wake? Swali hili laonekana dogo, lakini huko Rombo lina uzito wa uhai na mauti.

Rombo ninayoitaja si wilaya ya Tanzania yenye jina hilo hilo, bali ni ile ya upande wa Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro. Hapo zamani kijana wa Kimaasai alitafuta heshima kwa kumwua simba kwa mkuki, katika windo liitwalo olamayio. Simba walipopungua, wazee walezi wa vijana walitaka desturi ile ikome. Mwaka 2012, kwa msaada wa shirika la Big Life, ilianzishwa Olimpiki ya Wamaasai huko Kimana. Vijana wa manyata za Rombo, Kuku, Mbirikani na Elselenkei walikutana kukimbia mita 200, 800 na 5000, kutupa mkuki, kurusha rungu na kuruka juu. David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka huo huo, akawa mlezi wa michezo hiyo.

Tuitazame michezo yenyewe kwa jicho la mhakiki. Rungu hukatwa porini, na maskini aweza kulichonga sawa na tajiri. Katika kuruka, kijana husimama wima na kujirusha mpaka kichwa kiguse kamba iliyotandazwa juu yake. Hapana ufito wa kununuliwa wala godoro la kuangukia. Methali yasema mkono mtupu haulambwi. Katika uwanja huu mkono mtupu hulambwa, na hilo ndilo jambo lake bora kupita yote.

Sasa tuteremke pwani, tuone mchezo wa namna nyingine. Huko Diani na Paje wako watu washindanao juu ya ubao uvutwao na tiara kubwa iliyojaa upepo. Mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki ya mwaka 2024, na mashindano yake yalifanyika baharini Marseille, Ufaransa. Chini ya ubao wa mashindano hayo hufungwa bawa lipitalo majini, likauinua ubao juu ya maji ili uende kasi zaidi. Wasimamizi wake walitambua hatari ya vyombo, wakaamuru vitumiwe vile tu vilivyoandikishwa na kutengenezwa kwa wingi. Amri hiyo ni njema, lakini ina mpaka: orodha huzuia chombo cha siri, haizuii bei. Upepo ukipungua, mwenye tiara tatu huchukua iliyo kubwa akaingia baharini. Mwenye moja ndogo hubaki mchangani akitazama. Hakushindwa na mwenzake, ameshindwa na duka. Na kwa kuwa yeye hucheza kwa mapenzi tu, bila mshahara wala mfadhili, hana njia ya kulipiza ila kuacha mchezo.

Yuko atakayenipinga kwa kusema kwamba ujuzi hushinda chombo. Atamtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Rome mwaka 1960 bila viatu. Mfano huo ni wa kweli, nami nauheshimu. Lakini ushindi wa shujaa mmoja haufanyi uwanja ulioinama kuwa sawa. Waonyesha tu kwamba yuko aliyeweza kuupanda. Kama chombo si kitu, kwa nini shirika la riadha duniani liliamua mwaka 2020 kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40? Liliamua hivyo kwa sababu viatu vipya vilikuwa vimeanza kuchukua sehemu ya kazi ya miguu.

Hapa ndipo nionapo ufa katika jengo zuri la Kimana. Rungu na kamba havina bei, lakini mbio za mita 5000 zina kiatu, na kiatu kina bei. Leo tofauti yaweza kuwa ndogo. Lakini mchezo ukipata sifa na zawadi zikikua, kila manyata itatafuta mfadhili, na mwenye mfadhili mkubwa atavaa kiatu bora. Afadhali sheria itangulie mashaka: ama wakimbiaji wote wavae viatu vya namna moja watakavyopewa na waandalizi, ama kiwekwe kikomo cha bei ambacho kila manyata yaweza kukifikia.

Msomaji asidhani kwamba nagombania viatu. Kijana wa Rombo ameombwa aache njia ya kale ya heshima, ambayo haikuuzwa dukani. Mbele ya simba, mtoto wa mwenye ng'ombe mia na mtoto wa mwenye mmoja walikuwa sawa kwa hofu na kwa ushujaa. Akiiona heshima mpya yanunuliwa, ataidharau, na mkuki utarudi porini. Basi usawa wa uwanja ndio ngao ya simba.

Nanyi wanafunzi, mtakapoandaa mashindano shuleni, msianze kwa kuuliza zawadi itakuwa nini. Ulizeni kwanza: ni nani atakayezuiwa mlangoni kwa kukosa chombo? Mkimpata, rekebisheni sheria kabla hamjapuliza filimbi.