Saa Iliyorudishwa Nyuma: Jinsi Hati za Craig Wright Zilivyopimwa Mahakamani

Tarehe 5 Februari 2024, mbele ya Jaji Mellor wa Mahakama Kuu ya Uingereza, mjini London, ilianza kusikilizwa kesi ambayo kiini chake kilikuwa swali moja tu, nalo ni hili: je, Dkt. Craig Wright, mtaalamu wa kompyuta mzaliwa wa Australia, ndiye yule aliyejificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto, ambaye tarehe 31 Oktoba 2008 alitangaza waraka wa kurasa tisa ulioasisi sarafu ya bitcoin? Mdai alikuwa COPA, umoja ulioanzishwa mwaka 2020 na watu wa biashara ya sarafu hizo, nao uliiomba mahakama itamke kwamba siye.

Shauri hilo lingeweza kumalizwa kwa njia fupi. Mwasisi wa bitcoin alikuwa na funguo za siri ambazo kwa hizo angeweza kutia sahihi isiyoghushika, na mwenye funguo hizo hana haja ya kumwita shahidi hata mmoja. Dkt. Wright hakutia sahihi hiyo mbele ya mahakama. Alileta hati chungu nzima, nyingi zikiwa na tarehe za kabla ya kutangazwa kwa waraka ule, akidai kwamba zinamwonyesha akiitunga kazi yake hatua kwa hatua. Hapo ndipo shauri lilipoingia mikononi mwa wachunguzi wa kompyuta, na mimi nadhani kwamba namna wachunguzi wale walivyofanya kazi yao inastahili kusomwa na kila wakili, awe anajali habari za bitcoin au hajali.

COPA ilimleta Patrick Madden. Asiyeijua kazi hii aghalabu hudhani kwamba mchunguzi hulifungua faili, akatazama tarehe iliyoandikwa kando ya jina lake, akatoa habari, hasha. Tarehe hiyo ndiyo dhaifu kupita zote, kwa kuwa hutokana na saa ya kompyuta, na saa hiyo mwenye kompyuta huirudisha nyuma apendavyo kwa kubonyeza mara tatu au nne. Mchunguzi wa kweli huanza kwa kuchukua nakala kamili ya diski, biti kwa biti, kwa kifaa kinachoizuia kompyuta yake isiandike lolote juu ya diski ya asili. Kisha huikokotolea nakala hiyo namba ndefu iitwayo hash, ambayo hubadilika endapo herufi moja tu imebadilishwa katika diski nzima, ili siku ya kuulizwa aweze kuthibitisha kwamba alichokipima ndicho alichokabidhiwa. Baada ya hayo ndipo huzitafuta zile tarehe nyingine zilizomo ndani ya faili lenyewe, ambazo mwenye kughushi aghalabu hajui kwamba zimo.

Nazo ni nyingi. Programu ya kuandikia huacha ndani ya hati majina ya fonti iliyo nazo, hata zile ambazo mwandishi hakuzitumia katika neno lolote. Na katika hati zilizodaiwa kuwa za zamani yakaonekana majina kama Nirmala UI, fonti iliyotoka pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Kadhalika Grammarly, ile programu ya kusahihisha Kiingereza, ilikuwa imeacha ndani ya baadhi ya hati alama zake zilizofichika, ambamo wakati wa kutumika kwake umeandikwa kwa namna ya tarakimu ambazo jicho halizioni kuwa ni tarehe. Zilipofumbuliwa zilitaja miaka ya karibuni sana. Hayo yote Dkt. Wright alikuwa na majibu yake: kompyuta za kazini zilitumiwa na wengi, hati zilifunguliwa na wafanyakazi katika mashine mpya, mitambo ilijibadilishia vitu yenyewe. Majibu ya namna hiyo si ya kupuuzwa, maana faili kongwe likifunguliwa leo huweza kweli kuokota alama za leo. Lakini bahati mbaya ikishakutokea katika hati baada ya hati, na kila mara ikaangukia upande unaokufaa, hakimu ana haki ya kuacha kuiita bahati.

Palipo na mengi zaidi ya kujifunza ni katika kisa cha diski. Miezi michache kabla ya kesi, Dkt. Wright alisema amegundua vifaa vya zamani vya kuhifadhia, kimojawapo kikiwa diski ya Samsung, na ndani yake faili kubwa liitwalo BDOPC.raw, ambalo kwa maelezo yake lilikuwa sura kamili ya diski ya kompyuta aliyoitumia alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya BDO, iliyonakiliwa mwishoni mwa Oktoba 2007 na isiyoguswa tangu siku hiyo. Kama lingekuwa hivyo, lingekuwa hazina isiyo kifani. Lakini kompyuta ikiambiwa ifute faili haiufuti mwili wake. Hulitoa tu katika orodha, ikapaacha pale lilipokuwa pahesabiwe kuwa pa kuandikwa upya, na mpaka siku hiyo ya kuandikwa upya mchunguzi anaweza kulisoma. Madden akaifanyia kazi sehemu hiyo iliyodhaniwa kuwa tupu, akayafufua matoleo ya awali ya sura ile ile ya diski, akayalinganisha na toleo lililokabidhiwa mahakamani, na tofauti zikawa bayana: hati zilizosemekana kuwa hazikuguswa tangu 2007 zilikuwa zikirekebishwa kutoka toleo hadi toleo, na nyayo za kazi hiyo zilikuwa za Septemba 2023, ilhali saa ya kompyuta ilikuwa imerudishwa nyuma.

Mchunguzi aliyeletwa na upande wa Dkt. Wright mwenyewe kuhusu vifaa hivyo, Spencer Lynch, alikubaliana na Madden kwamba sura ile ilichezewa. Katika hati nyingine nyingi pia Dkt. Placks, mtaalamu wa kwanza wa upande huo huo, alifikia rai moja na Madden. Dkt. Wright alipokuwa kizimbani aliwashutumu mashahidi wake mwenyewe kwamba hawakuwa na ujuzi wa kutosha. Mtu asiyezoea mahakama atashangaa kwamba shahidi aliyelipwa na mtu anasimama na kusema yanayomwangusha aliyemlipa; lakini kwa kanuni za mashauri ya madai za Uingereza, wajibu wa mtaalamu ni kwa mahakama, nao unazidi wajibu wowote alio nao kwa anayemlipa, na wataalamu wa pande mbili huamriwa kukutana na kuandika kwa pamoja wanayokubaliana na wanayotofautiana. Kwa rai yangu karatasi hizo za makubaliano ziliamua mengi katika kesi hii kuliko ufasaha wa wakili yeyote.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika mafaili ya LaTeX, mfumo wa kupangia maandishi ya kuchapwa, ambayo Dkt. Wright alidai kuwa ndiyo asili ya waraka wa bitcoin. Wataalamu wa pande zote mbili walikubaliana kwamba waraka ule ulitengenezwa kwa programu ya kuandikia ya OpenOffice, kama taarifa zilizomo ndani yake zinavyosema, na kwamba mafaili yale hayawezi kuutoa jinsi ulivyo. Kumbukumbu za Overleaf, huduma ya mtandaoni ambamo yalihifadhiwa, zikaonyesha yakirekebishwa kidogo kidogo mnamo Novemba 2023, nafasi hii ikipunguzwa na ile ikiongezwa, mpaka sura yake ikakaribia ya asili.

Wala hazikupona karatasi za mkono. Kurasa za maandishi ya kalamu zilizodaiwa kuwa za Agosti 2007 zilikutwa zimeandikwa juu ya daftari la chapa ya Quill ambalo, kwa rekodi za watengenezaji wake, toleo lake lilikuwa bado halijachapishwa wakati huo. Tena kesi ikiwa inaendelea, ikaletwa barua pepe baina yake na mawakili wake wa zamani, iliyosemekana kuwa ya mwaka 2019. Mawakili hao wakasema kwamba ile waliyo nayo wao waliipokea Februari 2024, na uchunguzi ukawaunga mkono.

Tarehe 14 Machi 2024 Jaji Mellor alitamka papo hapo kwamba ushahidi ni mzito kupita kiasi na kwamba Dkt. Wright siye Satoshi Nakamoto. Na katika hukumu ya maandishi ya tarehe 20 Mei akasema kwamba Dkt. Wright alisema uongo mahakamani kwa wingi na mara kwa mara, na kwamba hati zake zilighushiwa kwa kiwango kikubwa. Desemba ya mwaka huo, kwa kufungua madai mapya kinyume cha amri ya mahakama, alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kilichoahirishwa kwa miaka miwili.

Kwetu sheria inatambua mambo haya: Kenya ina kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachodai cheti juu ya rekodi ya elektroniki, na Tanzania ina kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kinachomtaka hakimu aangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Hata hivyo bado wako watu wanaokwenda mahakamani na picha ya skrini ya ujumbe wa simu iliyochapwa karatasini, na simu yenyewe imekwisha kuuzwa. Nawasihi mawakili, na wateja wao kabla yao, waitunze simu, waitunze diski, wasiifungue ovyo kutafuta jambo, na wamwite mchunguzi mapema, maana karatasi iliyochapwa haina ndani yake hata moja ya alama zile ambazo Madden alizisoma.