Kina Katika Nyuso Mbili za Sarafu ya Kilwa

Watawala wa zama za kati walipenda kuiandika imani na enzi yao juu ya dhahabu. Kaisari Justinian II wa Konstantinopoli, katika utawala wake wa kwanza (685–695), alitia sura ya Yesu upande mmoja wa sarafu. Upande wa pili akasimama mwenyewe na msalaba mkononi, akijiita mtumwa wa Kristo. Muda mfupi baadaye Khalifa Abd al-Malik aliziondoa sura zote, na dinari yake ya mwaka 77 Hijria ikabeba maandishi matupu. Pwani ya Waswahili ilifuata njia ya maandishi, ila Kilwa ikaongeza jambo lake: kina.

Sarafu za Kilwa, nyingi zikiwa za shaba, hazina tarehe wala taswira. Uso mmoja husema kwamba mtawala anamtegemea Mungu. Uso wa pili hutaja jina lake, na nyuso hizo hufungwa kwa kina kimoja. Mpenzi wa mashairi atatambua hapo ukwapi na utao. Anayezisoma uso mmoja mmoja, kama orodha ya wafalme tu, hupata jina akapoteza shairi.

Je, huo ni unyenyekevu au ni hila ya dola? Swali hilo lamhusu hasa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mjenzi wa Husuni Kubwa, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Kwa wingi wa utoaji wake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Dhahabu yenye jina lake ni haba; Helen Brown alieleza sarafu tatu mwaka 1991. Katika shaba yake, ukarimu ni sifa ya Mungu, na jina la mfalme huitikia sifa hiyo. Kina kinamshusha, kwani mpaji wa kweli ni mwingine. Kina hichohicho kinampandisha, kwani sikio hulipokea jina lake kama mwangwi wa sifa ya Mola.

Atakayesema kwamba lugha yake ni Kiarabu, hivyo si mali ya ushairi wa pwani, atakuwa amesema nusu. Maneno yalitoka ng'ambo. Uamuzi wa kumfunga mfalme kwa kina, na kukipitisha kina hicho sokoni mkono kwa mkono, ulikuwa wa Kilwa.