Tundu Lililoiharibu 66

Niseme mapema nisije nikaonekana nazunguka. Model 66 waliyoirudisha Smith & Wesson mwaka 2014 ndiyo rivolva ninayoiona inamfaa zaidi mtu anayetaka chuma kimoja cha kazi zote tatu: kuvaa kiunoni kutwa nzima, kupanda nayo mlima, na kwenda nayo renji Jumamosi. Na niseme hapohapo kwamba walioidhinisha lile tundu la kufuli juu ya kifungulio cha silinda walikosea, walijua wanakosea, na walikuwa wamekuwa na miaka 13 ya kujirekebisha.

Mliotazama majaribio yake mnajua yaliyofanywa vizuri, kwa hiyo sitamaliza wino hapo. Mtutu wa inchi 4.25 ni wa vipande viwili, bomba lililokazwa ndani ya koti lake, na unapiga panapotakiwa. Mkono wa silinda unashikwa na gololi kwa mbele. Koo la mtutu ni nene pande zote. Chuma hakishiki kutu, uzito ni kilo moja na gramu 50 hivi, risasi ni sita. Kazi safi. Tuje kwenye tundu.

Vua vipini, legeza skrubu, gonga fremu kwa mpini wa bisibisi mpaka bamba la ubavu lijitokeze lenyewe (anayelibandua kwa ncha ya bisibisi asiniletee rivolva yake). Toa nyundo. Hapo ubavuni utaona kijiulimi chembamba cha chuma kilichokaa wima pembeni ya njia ya nyundo, kina kijino, na kimeshikiliwa na springi ndogo ambayo ikikuponyoka utaitafuta chini ya meza hadi magharibi. Ukizungusha kijifunguo kwenye tundu la nje, ulimi unapanda, kijino kinaingia kwenye mkato wa nyundo, na nyundo hairudi nyuma tena. Traiga inakuwa jiwe. Hakuna zaidi ya hapo. Ni ufundi mwepesi, na kwenye meza ya fundi unafanya kazi kila mara.

Shida ni kwamba rivolva haiishi mezani. Ikilia, fremu nzima inaruka nyuma na juu, na ulimi ule, wenye uzito wake mdogo, unabaki ukitegemea springi tu kuukalisha chini. Kwenye bastola nyepesi zenye risasi nzito, ulimi umewahi kupanda wenyewe na kuifunga silaha mkononi mwa mpigaji. Ni nadra. Narudia, ni nadra, na kwenye chuma cha kilo nzima kama 66 ni nadra zaidi. Wapo wapigaji wenye maelfu ya risasi kwenye bastola za tundu ambao hawajawahi kuliona jambo hili, na mimi siwaiti waongo.

Lakini fikirini kwa nini mtu anavaa rivolva mwaka huu wa magazini za risasi 15. Sababu ni moja. Risasi ikigoma, huvuti sleti, hupigi magazini kwa kiganja, hufikirii. Unavuta traiga tena, silinda inazunguka, fataki nyingine inakuja mbele ya pini. Hiyo ndiyo hoja yote ya rivolva, na yeyote anayeitetea kwa hoja nyingine anapamba tu. Sasa kampuni imechukua silaha ambayo hoja yake ni "vuta tena", ikaingiza ndani yake kipande ambacho, kikikosea hata mara moja, kuvuta tena hakusaidii chochote. Ni sawa na kutia komeo la mlango wa chumba chako kwa upande wa nje halafu kumwambia mwenye nyumba asijali, upepo wa kulisukuma hauvumi mara nyingi.

Historia yake inaudhi kuliko ufundi wake. Machi 2000 Smith & Wesson walitia sahihi makubaliano na serikali ya Clinton, na moja ya ahadi ilikuwa kila bastola yao iwe na kufuli la ndani katika muda wa miezi 24. Wapiga shabaha na wenye maduka wakawasusa, kampuni ikayumba. Mwaka 2001 Tomkins, Waingereza walioinunua mwaka 1987, wakaiuza kwa dola milioni 15, mbali na madeni. Aliyenunua ni Saf-T-Hammer, kampuni ndogo ya Arizona ambayo biashara yake ilikuwa, ndiyo, vifaa vya kufungia silaha. Muuza kufuli kapata kiwanda cha bastola, mlitarajia nini? Serikali iliyofuata haikuyasimamia yale makubaliano. Kufuli likabaki.

Kwa hiyo mwaka 2001 wana udhuru. Mkuki ulikuwa shingoni. Mwaka 2014 hawana. Walikaa mezani na mchoro mpya wa 66, wakaubadili mtutu, wakaibadili namna ya kuifunga silinda, wakalibadili koo, yaani waligusa karibu kila kitu kilichowahi kulalamikiwa tangu enzi za baba zetu, halafu wakafika kwenye kitu kimoja ambacho wateja wao walikuwa wakikilalamikia kwa sauti kubwa kuliko vyote, wakakiacha kama kilivyo. Mtu mmoja katika chumba kile alipaswa kuinua mkono.

Naijua hoja ya mawakili. Maryland inataka bastola mpya zote ziwe na kufuli la ndani tangu 2003, na kampuni inayoondoa kifaa cha usalama inajitakia kesi. Basi mbona 642, ile ndogo ya mfukoni, ilikuwa ikiuzwa kwa matoleo mawili, lenye tundu na lisilo na tundu, miaka kadhaa kabla ya 2014? Kama inawezekana kwa ndogo, inawezekana kwa ya kati. Na Januari 2024, wakishirikiana na msambazaji Lipsey's, walitoa zile Ultimate Carry za fremu ndogo, J, bila tundu, watu wakazishangilia. Mawakili walikuwa wapi siku hiyo?

Tena kama kufuli ni lazima, kuna adabu ya kuliweka. Ruger kwenye New Vaquero walilificha chini ya kipini: anayelitaka anatoboa njia, asiyelitaka haligusi wala halioni. Taurus waliliweka nyuma ya nyundo. Smith & Wesson peke yao waliamua kutoboa ubavu wa fremu, mahali ambapo jicho hufika kwanza. Lengo la kuwakinga watoto silipingi hata kidogo. Mwenye watoto anunue sanduku la chuma lenye ufunguo, alifunge na alijaribu kabla ya kulala. Kijifunguo hiki kidogo, kwa ninavyoona, wengi hukitia kwenye droo wiki ya kwanza na hawakioni tena.

Linganisheni na namna bastola hii ilivyozaliwa. Bill Jordan, askari wa doria ya mpakani, mtu wa mikono mikubwa, alimwendea Carl Hellstrom, mkuu wa Smith & Wesson, mnamo 1954 akamwambia anachotaka askari wa kutembea: fremu ya kati, K, mtutu wa inchi nne, saiti za kurekebisha, kaliba ya .357. Hadi hapo .357, iliyozaliwa mwaka 1935, ilikuwa ikikaa kwenye fremu kubwa ya N ambayo jioni kiuno kinaikumbuka. Hellstrom alisikiliza. Novemba 1955 Combat Magnum ya kwanza ilitoka, ikakabidhiwa kwa Jordan mwenyewe. Baadaye ikaitwa Model 19, na mapema miaka ya 70 ikazaa 66 ya chuma kisichoshika kutu. Mvaaji alisema, mtengenezaji akafanya. Mwaka 2014 wavaaji walisema vilevile.

Wala Jordan hakudanganya juu ya udhaifu wa fremu ile. Ushauri wake ulikuwa wazi: jizoeze kwa .38, vaa .357. Koo la 19 na 66 za zamani lilichongwa bapa kwa chini ili kuupisha mkono wa silinda, kwa hiyo saa sita ya chini palikuwa pembamba. Baada ya mauaji ya Newhall ya 1970, ambapo askari wanne wa barabara kuu za California waliuawa, idara nyingi zilishika mtindo wa kufanyia mazoezi risasi zilezile za kuvaliwa kazini. Hilo kwa askari ni jema. Kwa koo la fremu K lilikuwa balaa, hasa zilipoingia risasi za greni 125 zinazokimbia mita 440 kwa sekunde: fupi, zenye baruti nyingi nyuma yake, moto unatangulia na kulichoma koo palepale pembamba. Makoo yakaanza kupasuka.

Jibu la kampuni mnamo 1980 lilikuwa fremu L, yaani 586 na 686, na hapa mtanisamehe, lazima niseme tena. Fremu yenyewe ni sahihi. Lakini lile koti zima la chuma chini ya mtutu hadi mdomoni ni uamuzi uliofanya rivolva za Marekani zivimbe kwa miaka 40. Walimwiga Colt Python, naye Python alilibeba kwa sababu ni bastola ya shabaha. Ruger wakafuata na GP100 mwaka 1985, wakaizika Security-Six, ambayo ilikuwa nyepesi na ngumu kuliko zote. Kwenye meza ya renji uzito wa mbele ni raha. Kwenye kilomita ya nane ya mlima, ala inaanza kuvuta mkanda na mkanda unaanza kuvuta nyonga.

Wengine wamekimbilia upande wa pili. 340PD, ya skandiamu, chini ya gramu 350, na imeandikwa .357 ubavuni. Ni rahisi kuivaa, nakubali. Ipige na magnamu tano halafu uniambie kama unataka ya sita. Anayeogopa teke la bastola yake hajizoezi, na bastola za namna hiyo ndizo hasa ambazo ulimi wa kufuli una sababu ya kuruka. Makosa mawili katika chuma kimoja.

Kwa kazi zenyewe, 66 mpya inafanya hivi. Renji unapiga .38 ya greni 158, mita 230 kwa sekunde, mpole, na unajifunza traiga ndefu kama inavyopaswa. Kabla ya kuondoka piga mswaki vyumba vya silinda. Ganda la .38 ni fupi kuliko la .357 kwa milimita tatu na ushei, na baada ya risasi mia hivi linaacha pete ya masizi palepale mbele ya ganda; .357 ikiingia inagoma kukaa, na silinda haifungi. Mjini vaa ya greni 125 au .38 ya nguvu zaidi, kulingana na masikio yako na ukuta wa jirani. Milimani, na nasema milima ya Montana na Colorado, kwa kuwa hifadhi zetu huku huingii na chuma bila kibali, weka risasi ngumu ya greni 180 inayopenya. Dhidi ya dubu mweusi inatosha. Dhidi ya dubu mkubwa wa kahawia, beba dawa ya kupuliza mkono wa kwanza na usijidanganye kwa kaliba.

Wapo watakaoniambia mbio za mkono hazitegemei kufuli. Kweli. Jerry Miculek alipopiga risasi sita, akajaza, akapiga sita tena kwa sekunde 2.99 mwaka 1999, alikuwa na Smith & Wesson, na Ed McGivern alipopiga tano katika 0.45 ya sekunde mwaka 1932 alikuwa nayo pia. Zote mbili ni za kabla ya tundu. Sidai lolote kwa hilo, natazama kalenda tu.

Python ya 2020 haina tundu, traiga yake ni laini, na ni nzito na ghali. GP100 haina tundu, haifi, na traiga yake inahitaji fundi. Ukiniuliza nikwambie cha kununua kesho, tafuta 66 ya inchi nne iliyotengenezwa kabla ya 2001. Kabla ya 1982 utapata na ile pini inayokaza mtutu, ambayo waliiondoa ili kubana gharama na bado sijawasamehe. Fungua silinda, mulika tochi ndogo koo la mtutu kwa nyuma, uangalie saa sita ya chini. Ufa mwembamba kama unywele, au chuma kilichong'atwa na moto, mrudishie mwenyewe. Kama ni safi, rudisha nyundo taratibu, shika silinda kwa vidole viwili uitikise: kucheza kidogo si neno, kucheza mbele na nyuma ni gharama. Kisha lipa, na zile greni 125 usizipe koo lake kila Jumamosi.