Punje Mia Moja Ndani ya Bahasha

Anayetaka kujua bahari imebeba kiasi gani cha DDT, dawa ya kuua wadudu, na sumu nyingine kama hiyo, kwa kawaida huchota maji. Kazi hiyo ni ghali. Hutaka chombo cha kwenda baharini, maji mengi na vichujio, maana sumu hizi zimo majini kwa kiasi kidogo mno na kuzinasa ni shida. Mwaka 2005 Profesa Hideshige Takada wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Tokyo alianzisha mradi wa International Pellet Watch, na vifaa alivyowaomba watu wa pwani za dunia vilikuwa foili, bahasha na stempu.

Mradi huo ulitegemea kitu ambacho wengi wetu tumekikanyaga bila kukitazama: punje za plastiki zenye ukubwa kama wa dengu. Ni malighafi, ambayo viwanda huiyeyusha ili kutengeneza ndoo, mifuko na chupa. Humwagika viwandani, bandarini na melini, mvua huzisukuma hadi baharini, kisha maji yakijaa huzitupa ufuoni pamoja na mwani. Sasa, DDT na PCB, kemikali za viwandani, ni sumu zinazoyakimbia maji na kushikamana na vitu vya asili ya mafuta, na plastiki ni mojawapo. Punje inayoelea huzinyonya kidogo kidogo. Mwaka 2001 Takada na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kiwango cha PCB ndani ya punje chaweza kufika hadi mara milioni moja ya kile cha maji yanayoizunguka. Kazi ya kukusanya sumu, basi, ilikwisha kufanywa na punje yenyewe. Alihitajika mtu wa kuiokota tu.

Na aliombwa hilo tu. Okota punje 100 hadi 200 kwenye mstari wa takataka ulioachwa na maji kujaa, kwa kibanio au kwa vidole vilivyonawishwa sabuni. Zifunge kwa foili, zitie katika bahasha ya karatasi, andika mahali na tarehe, peleka posta. Barafu haihitajiki. Mwananchi hakuambiwa apime wala akadirie chochote, na kwangu mimi hapa ndipo penye ufundi wa mradi mzima. Mtu asiye na hadubini akiombwa kuhesabu chembe ndogo za plastiki, huhesabu kwa jicho lake, jirani yake kwa jicho lake, na nyuzi za shati alilovaa huweza kuingia katika sampuli. Takada aliwaachia watu hatua ambayo ni vigumu kuiharibu.

Ugumu wote ukahamia maabara. Punje za ufuo mmoja hazilingani: moja imeelea miaka, nyingine imemwagika juzi. Zilizokaa sana baharini hugeuka manjano, kwa hiyo za manjano ndizo zilizochaguliwa. Tena polithini hunyonya PCB zaidi kuliko polipropilini, kwa hiyo mashine ya miale ya infraredi ilitenganisha aina hizo mbili. Punje za polithini ziligawanywa makundi matano ya punje tano tano, sumu ikatolewa kwa heksani, kila kundi likapimwa peke yake. Matokeo matano yalipangwa kuanzia dogo hadi kubwa, likachukuliwa la katikati, ili punje moja iliyojaa sumu isiupe ufuo mzima jina baya.

Matokeo ya kwanza, yaliyotoka mwaka 2009, yalihusu fukwe 30 za nchi 17. PCB ilikuwa juu zaidi katika pwani za Marekani, zikifuata Ulaya Magharibi na Japani, nchi zilizoitumia sana katika transfoma na mitambo kabla ya kuipiga marufuku. DDT ilikuwa juu katika pwani ya magharibi ya Marekani na Vietnam. HCH, dawa ya kuua wadudu wa mimea, ilijitokeza zaidi kusini mwa Afrika. Ramani ya matokeo hayo isingechorwa kwa chombo kimoja cha utafiti.

Udhaifu upo, nao ni mkubwa: punje husafiri. Utafiti wa mwaka 2012 katika visiwa vya mbali, kama St Helena na Hawaii, ulikuta viwango vya chini kwa jumla, lakini hapa na pale zikatokea punje zenye sumu nyingi zisizolingana na maji ya hapo. Kwa hiyo punje chache haziwezi kumtia hatiani jirani wa ufuo. Wala njia hii haisemi bahari ina plastiki kiasi gani. Inasema plastiki hiyo imebeba nini. Anayechanganya maswali hayo mawili atapotosha watu.

Mwalimu wa sayansi wa Tanga, Malindi au Pemba anayetaka kuanza na wanafunzi wake asubiri maji ya bamvua yapwe, afuate ule mstari wa mwani, na punje zikipatikana asizitie kwenye mfuko wa nailoni. Azifunge kwa foili na aandike tarehe siku hiyo hiyo.