Mara 26

Katikati ya "Ain't No Sunshine", wimbo wa Bill Withers wa mwaka 1971, gitaa na fidla vinanyamaza. Inabaki ngoma, na sauti ya mwanamume anayerudia maneno mawili yaleyale, "I know", hadi msikilizaji anajikuta anahesabu. Ni mara 26. Kisha vyombo vinarudi, na wimbo unaendelea.

Pale palikuwa na pengo. Withers hakuwa amemaliza ubeti. Maneno yale mawili aliyaweka yashike nafasi mpaka aandike mengine. Wanamuziki waliokuwa naye studio wakamwambia aache vilevile. Nao walikuwa magwiji: prodyuza Booker T. Jones, Al Jackson Jr. kwenye ngoma, Donald Dunn kwenye besi, Stephen Stills kwenye gitaa. Withers alikuwa fundi wa kiwandani, akitengeneza vyoo vya ndege. Hata picha ya jalada la albamu yenye wimbo huo, "Just As I Am", alipigwa kazini ameshika kisanduku chake cha chakula. Akawasikiliza.

Wapo wanaoiita bahati. Kwangu, pengo lile lilifaa kwa sababu wimbo mzima ulishaandaliwa kulipokea. Hauna kibwagizo cha kusimama peke yake. Mishororo ni mifupi, na kila mmoja ukiisha, sauti inakaa kimya vyombo vijibu. Mwimbaji anamlilia mwanamke aliyeondoka. Akifika katikati, maneno yanamwishia; yakimrudia, anakiri kwamba ingekuwa heri aachane naye. Akili inajua la kufanya, moyo umegoma, na ngoma haimsubiri: inaendelea kugonga huku yeye amekwama palepale. Ubeti uliokamilika ungetueleza uchungu wake. Marudio haya yanatutia ndani yake, na yote hayo katika wimbo wa dakika mbili hivi.

Withers alizaliwa mwaka 1938 huko Slab Fork, kijiji cha migodi ya makaa ya mawe West Virginia, akakua na kigugumizi, akatumikia jeshi la majini miaka tisa. Wengine huyahusisha marudio yale na kigugumizi chake. Sioni msaada wa maelezo hayo. Kigugumizi hakimwambii mtu gitaa linyamaze wapi na lirudi lini.

Ujuzi wake wa kutumia kidogo unaonekana wazi zaidi katika "Lean on Me" ya 1972. Alikuwa amenunua kinanda kidogo cha umeme, na upigaji wake haukuwa wa kitaalamu. Mwanakwaya yeyote aliyefundishwa kwa do, re, mi ataukamata mwanzo wake mara moja: do, re, mi, fa, kisha fa, mi, re, do. Mkono unashika umbo lilelile na kuhamia kitufe cha jirani, kupanda na kushuka. Katikati kinanda kinapisha makofi na besi, na ghafla unasikia watu wengi mahali palipokuwa na mtu mmoja. Wimbo unahusu majirani kubebana mizigo, kama walivyoishi Slab Fork, na umetungwa ili jirani asiyejua muziki naye aweze kuuimba. Ulifika namba moja Marekani.

Kidogo hicho chaweza kuwa noti moja tu: katika "Lovely Day" ya 1977 anaishikilia kwa sekunde 18. Albamu yake ya mwisho ilitoka 1985. Aliishi hadi Machi 2020 bila kutoa nyingine.

Anayetaka kumwona akitumia kidogo hivyo jukwaani atafute filamu "Soul Power", iliyopigwa Kinshasa Septemba 1974 katika tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. James Brown yupo na bendi kubwa, inayowaka moto. Withers amekaa na gitaa lake tu, anaimba "Hope She'll Be Happier", polepole, na kati ya neno na neno anaacha nafasi ambayo mtunzi mwingine angekimbilia kuijaza.